Kamisheni za tiketi kwenye blogu yako ukiwa Mwanza: zinapatikanaje

Ukifungua blogu leo ukiwa Buhongwa afu ukaijaza linki za Ticketmaster, bando litaisha, hosti (ile ada ya kuweka blogu hewani) itaisha, na hujaona hata senti. Sio kwamba Ticketmaster ni waongo, programu yao ya afilieti, yani ya kukulipa kamisheni ukiwaletea mnunuzi, ipo kweli, inapitia mtandao unaitwa Impact na kuna watu wanalipwa, shida ni kwamba wao wanauza shoo za Marekani na Uingereza huko, na msomaji wako yupo Igoma anataka kujua ile shoo ya Jumamosi pale Furahisha geti linafunguliwa saa ngapi, na akitoka usiku atapata usafiri wa kurudi au ndo akalale kwa shemeji. Huyo ndo mteja wako. Hela yako ipo kwenye hilo swali lake la saa ngapi na atarudije, kwa sababu bango la promota halimjibu.

Hii ndo ishu nzima ya tiketi na ndo maana nakomaa nayo. Mtu haingii Google kuandika "nataka kununua tiketi", tiketi ni kitu cha mwisho. Anaingia akiwa ameshaamua nusu, kabaki na wasiwasi mmoja au miwili, ukimtoa wasiwasi anabonyeza hapo hapo. Ukiandika "usikose bonge la shoo!!!" hujamtoa wasiwasi wowote, umerudia bango tu.

Sasa kabla hatujaenda mbali tuelewane mashine yenyewe inavofanya kazi. Unajiunga na programu, unapewa linki yenye namba yako ndani, msomaji akibonyeza brauza yake inatunza kuki, alama ndogo inayosema huyu katoka kwako, akinunua ndani ya muda waliopanga unapata asilimia. Viator kwa mfano, hawa wanauza safari na shughuli za kitalii, wanatoa 8% na kuki yao inakaa siku 30. Sehemu nyingi linki ya mwisho kubonyezwa ndo inahesabiwa, yani ukimshawishi mtu wiki nzima afu siku ya kulipa akapitia linki ya mwenzako, kamisheni inaenda kwa mwenzako na hakuna pa kulalamika.

Na hapo kuna tobo kubwa kwa sisi wa huku. Watu wetu wanaishi ndani ya WhatsApp na Instagram. Linki ikifunguliwa ndani ya Instagram inafunguka kwenye brauza ya Instagram yenyewe, kuki inabaki humo humo, jioni jamaa anafungua Chrome anaenda kulipa, haonekani kama katoka kwako. Mbaya zaidi tiketi nyingi za shoo zetu zinalipiwa kwa M-Pesa, Mixx by Yas au Airtel Money kwenye lipa namba ya promota, hapo hakuna kuki hakuna nini, hela inatoka simu hadi simu. Kwaiyo ukitegemea linki peke yake kwa msomaji wa Mwanza utafanya kazi ya bure na utaona afilieti ni utapeli. Sio utapeli, umetumia chombo kisichomfaa mteja wako.

Ndo maana mi nagawa wasomaji mafungu mawili na kila fungu lina njia yake ya kulipwa.

Fungu la kwanza ni wenye kadi. Mtalii anayetua Mwanza, mzungu wa kujitolea anayekaa Capri Point, ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wanaopanga likizo ya Desemba. Hawa wananunua mtandaoni bila wasiwasi, na wanachonunua kwa kadi wakiwa Mwanza ni safari, sio shoo. Watu wengi wanadhani Serengeti lazima uingilie Arusha, kumbe kwa mtu aliyeko Mwanza geti la Ndabaka liko barabara ya Musoma, ukishapita Lamadi tu, asubuhi unatoka mjini na kabla jua halijawa kali uko ndani ya hifadhi. Pia kuna kisiwa cha Saanane ambacho ni hifadhi ya taifa na kipo dakika chache tu kwa boti kutoka mjini, na makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa. Andika hizo kwa Kiingereza, wala usione aibu, huyo mteja hasomi Kiswahili. Weka linki za Viator au GetYourGuide kwenye safari zinazoanzia Mwanza kweli, sio zile za kuanzia Arusha, maana ukimpeleka mtu kwenye safari ya Arusha na yeye yupo hoteli ya Mwanza anafunga ukurasa.

Piga hesabu uone tofauti. Safari ya dola 300 kwa 8% ni dola 24, hiyo ni zaidi ya elfu hamsini kwa mtu mmoja, na mara nyingi wanaenda wawili. Tiketi ya shoo ya elfu ishirini hata promota akupe 10% ni elfu mbili. Inabidi uuze tiketi zaidi ya ishirini na tano kufikia mtalii mmoja. Sisemi uache shoo, nasema ujue uzito wa kila kitu kabla hujaamua wiki hii unaandika nini.

Ila kuna subira. Kamisheni ya safari inathibitishwa safari ikishafanyika, sio siku ya kulipia. Mtu akinunua Januari safari ya Juni kwa sababu anataka kuwaona nyumbu upande wa magharibi wakati wanapita mto Grumeti, wewe unaona namba kwenye akaunti lakini hela yenyewe unaisubiri mpaka Juni ipite, na safari nyingi zinaruhusu kughairi mpaka masaa 24 kabla, akighairi kamisheni inafutika. Usikopee hiyo namba. Usimwambie hata mama watoto.

Fungu la pili ni wa nyumbani, na hapa ndo kwenye utamu na ndo kwenye vurugu.

Kwa hawa sahau kuki, tumia kuponi. Unaenda kwa promota unamwambia nataka neno langu, tuseme ROCK10, atakayelitaja wakati wa kulipa anapunguziwa kidogo na mimi nahesabiwa. Kama tiketi zinauzwa kwa mfumo wenye sehemu ya kuponi, safi, mfumo unahesabu wenyewe. Kama ni lipa namba tu, mwambie mnunuzi awe anatuma meseji ya muamala na neno lako kwenye namba moja ya WhatsApp inayoshikwa na mtu wa promota, na wewe uwe unaona hesabu kila jioni. Kila jioni, sio mwisho wa shoo. Baada ya shoo promota ana watu wa mziki wanamdai, wa jukwaa wanamdai, walinzi wamekaa mlangoni, wewe wa kamisheni ndo mtu wa mwisho kukumbukwa.

Kwaiyo makubaliano yaandikwe kabla hujaposti chochote. Sio lazima mwanasheria, karatasi moja yenye saini inatosha, na mambo ya kuweka ni haya: asilimia ngapi na ya bei gani, ile ya kabla ya punguzo au baada, nani anahesabu na unaona wapi, unalipwa lini na kwa njia gani, shoo ikiahirishwa au ikifutwa msomaji anarudishiwa na nani na ndani ya siku ngapi, na tiketi za mlangoni zinahesabiwa au hapana. Hilo la mlangoni lipiganie. Mwanza bado watu wengi wanalipia getini, wanasubiri waone kama mvua itanyesha, kama msanii kweli katua, kama mshahara umeingia. Mtu anaweza kusoma kwako Jumatatu akaja kulipa getini Jumamosi na wewe hupati kitu. Njia moja ni kumwambia promota asifanye bei ya kabla na ya getini kuwa sawa, wengine wanaelewa wengine wanakuangalia tu. Njia nyingine ambayo naiona bora zaidi kwa promota mbishi ni kuachana na asilimia kabisa, mwambie akulipe kiasi kamili kwa posti na ramani na maelezo, nusu mbele. Hiyo sio afilieti tena ni tangazo, sawa, lakini hela ni hela.

Promota akikataa kuandika chochote, akawa anasema "tunajuana bana", msalimie vizuri uondoke.

Mechi ni kesi tofauti. Pamba Jiji walivorudi ligi kuu msimu wa 2024/25 baada ya miaka zaidi ya ishirini nje, mji ulichangamka, na wakija Simba au Yanga hapa CCM Kirumba watu wanatoka mpaka Geita na Shinyanga. Tiketi za mechi zinaenda kwa N-Card, ile kadi ya kielektroniki unayoiwekea hela, kwaiyo mi mechi naihesabu kama chambo cha kuleta wasomaji na sio bidhaa ya kuuza. Andika namna ya kupata hiyo N-Card na kuiwekea hela, geti lipi linaingia jukwaa lipi, gari unapaki wapi, afu kwenye ukurasa huo huo weka gesti ulizokubaliana nazo kamisheni na usafiri wa kurudi. Mtu aliyetoka Bariadi kuangalia mechi ya jioni analala wapi? Hapo ndo unakula.

Na hapa nirudi kwenye kile nilichosema mwanzo maana ndo kazi yenyewe ya kuandika. Chukua ramani ya ziwa ujiulize nani anakuja Mwanza na anatokea wapi. Mtu wa Nansio, kisiwani Ukerewe, anavuka na meli kama masaa matatu, shoo ikiisha saa nane usiku hana meli mpaka asubuhi, kwaiyo posti yake ina vitu viwili, tiketi na kitanda. Mtu wa Sengerema zamani alikuwa anawaza foleni ya kivuko pale Busisi, lakini daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, lina kama kilomita tatu, sasa anaendesha gari anakuja shoo anarudi kulala kwake usiku huo huo. Hao wa ng'ambo wamegeuka wateja wa shoo za Mwanza na sioni blogu nyingi zinazowaandikia. Andika posti moja ya "kutoka Sengerema na Geita kuja kwenye shoo Mwanza na kurudi usiku", weka mafuta ni lita ngapi kwa gari dogo, weka pa kupaki, weka kuponi yako, uone.

Afu geuza upande wa pili, nani anatoka Mwanza kwenda kwenye matukio ya nje. Tamasha la muziki la Sauti za Busara linafanyika Zanzibar kila Februari, Kilimanjaro Marathon iko Moshi mwishoni mwa Februari au Machi mwanzoni, na tamasha la Nyege Nyege la Uganda lililoanzia Jinja mwaka 2015. Hiyo ya Uganda ni mfano mzuri sana wa posti ambayo mwandaaji hawezi kuiandika hata siku moja. Kijana wa Nyakato anafikaje? Anaweza kupita Sirari, akaenda Kisumu, akavukia Busia. Au anapanda MV Victoria usiku anaamkia Bukoba, anaingilia Mutukula mpaka Kampala. Pasi ya kusafiria anayo? Kadi ya homa ya manjano je? Mwandaaji yupo Kampala, yeye anaandika jina la msanii na bei basi. Wewe ukiandika njia zote mbili, gharama zake na wapi pa kubadilisha hela bila kuibiwa, ukurasa wako unasomwa kila mwaka. Kama mwandaaji ana programu ya afilieti jiunge, kama hana mwandikie email umuonyeshe idadi ya wasomaji wako uombe kuponi. Wengi hawakatai, wanakuwa hawajawahi kuombwa na mtu wa Mwanza.

Rock City Marathon ya hapa hapa Mwanza nayo usiisahau, wakimbiaji ni watu wa kujisajili mapema, tena wana kadi na wanakuja na familia.

Kuhusu kuandika kwenyewe nina mambo machache tu. Anwani ya ukurasa usiweke mwaka. Iwe rock-city-marathon basi, mwaka ujao unabadilisha tarehe na bei ndani yake, ukurasa unabaki ule ule na nguvu yake kwenye Google inabaki. Wanaofungua ukurasa mpya kila mwaka wanaanza sifuri kila mwaka. Posti iwe hewani wiki sita mpaka nane kabla, Google haikimbii kwa ajili yako. Kila linki iwe na jina la kampeni, Viator na GetYourGuide wote wanaruhusu, ili ujue mauzo yametoka kwenye posti ya Ndabaka au ya Saanane, bila hivo unapiga ramli. Kwenye linki za kulipwa weka ile alama ya rel sponsored ambayo Google waliileta 2019, inakaa kwenye kodi ya linki kuwaambia kwamba linki hii unalipwa, na juu ya posti andika kwa Kiswahili cha kawaida kwamba ukinunua kupitia hapa napata kamisheni na bei yako haiongezeki. Hakuna anayekimbia kwa hilo. Wanaokimbia ni wale wanaogundua wenyewe baadae.

Na tafadhali usiuze tiketi ya mtu ambaye hujamhakikisha. Ukumbi piga simu uulize kama tarehe imelipiwa kweli. Msanii angalia kurasa zake mwenyewe kama kaitangaza hiyo shoo. Tiketi feki au shoo hewa, promota anazima simu anahama mji, wewe jina lako lipo kwenye blogu na Mwanza ni ndogo, utakutana nao Makoroboi mchana kweupe. Na mji huu una mawe ya kutosha.

Sasa kulipwa. PayPal ya akaunti ya Tanzania kwa miaka mingi imekuwa ya kulipia tu na sio kupokea, kwaiyo usijisajili kwenye programu ukijua PayPal itakubeba. Kuna wanaofungua PayPal kwa anwani ya nchi nyingine, inafanya kazi mpaka siku ikiombwa kitambulisho, hela inafungiwa humo. Angalia programu inalipa moja kwa moja benki au kwa Payoneer, huduma ya kupokea malipo ya nje, na angalia kiwango cha chini cha kutoa, maana programu nyingine zinakushikia mpaka zifike dola kadhaa. Jiunge na programu mbili tu mwanzoni. Ukijiunga kumi kila moja itakuwa na vidola vitatu ambavyo huwezi kuvitoa. Mitandao ya Kimarekani itakupa fomu inaitwa W-8BEN, isikutishe, ni ya kusema wewe sio raia wa huko wala hukai huko, jaza majina kama yalivyo kwenye kitambulisho chako, herufi kwa herufi sawa na ya benki.

Upande wa nyumbani chukua TIN. Promota ambaye ni kampuni akikukata kodi ya zuio mwambie akupe cheti chake, hicho ndo kinakusaidia usilipe mara mbili. Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilikuja 2018, zikatoka upya 2020, na zimeguswa tena baada ya hapo, kwaiyo usimsikilize mtu anayekutajia ada za zamani kwenye grupu, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza, nenda ukaeleze unachoandika ni nini, mwongozo wa matukio na safari au habari, wakwambie unaangukia wapi. Na ukianza kukusanya namba za wasomaji ili uwatumie ofa kwa WhatsApp, kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, waombe ruhusa, waambie utazitumia kwa nini, na anayetaka kutoka mtoe siku hiyo hiyo.

Shoo ikiisha usifute posti. Siku ya pili yake, kabla promota hajalala vizuri, mtumie hesabu yenu ya kuponi na tarehe mliyokubaliana ya malipo, kwa maandishi. Afu rudi kwenye ukurasa utoe bei zilizopita, uweke yaliyotokea kweli, foleni ya geti ilikuwaje, vyoo vilikuwaje, usafiri saa nane usiku ulikuwa bei gani, na chini weka sehemu ya mtu kuacha namba aambiwe tiketi za mwaka ujao zikitoka. Wakiacha namba watu mia mbili hiyo list utaenda nayo kwa promota mwakani, na safari hii yeye ndo atakuuliza unataka asilimia ngapi.